Pori Tu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bado nacheka kuitwa bibi na msichana niliyemzidi miaka kumi, lakini babu yako ni kaka yangu, sina pa kukimbilia. Huku Kisarawe tu wazima. Babu yako amevuna mihogo kwenye shamba la kuazima na anauliza kama huko Kibaha mnashiba.

Umeniuliza uchumi wa kisiasa ni somo gani. Nililisoma chuoni, ila lilinianza nyumbani.

Nilipomaliza kidato cha nne, wapima ardhi walinichukua niwaandikie, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Tulimkuta mama yangu shambani, jembe mkononi. Mkubwa wao akauliza, "Mama, hapa pana nini?"

Mama akajishusha, kama tunavyofanya mbele ya wageni. "Aa, pori tu, baba. Karibuni."

"Andika," nikaambiwa. Nikaandika: pori.

Miezi ikapita. Kwenye mkutano wa kijiji ofisa akasoma karatasi ile: eneo lote ni pori, halina mwenyewe, anapewa mwekezaji.

Mama akaruka. "Pori? Na mikorosho yangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Akaisogelea meza. Hakujua kusoma, lakini madaftari yangu alikuwa akiyafuta vumbi kila siku. Akanigeukia.

"Mwanangu, huu si mkono wako?"

Nililisoma lile somo miaka mitatu nikitafuta jibu la kumpa. Sijampa bado.

Bibi yako,
Mwanaidi