Maswali Kumi na Moja kwa Brooke

Alhamisi, 15 Novemba 2018
Mirdif, baada ya Alasiri

Joto limekatika. Mama amefungua madirisha yote na kuzima viyoyozi, na kila baada ya dakika chache ndege inapita juu ya paa letu kuelekea uwanjani, vikombe vikatikisika kabatini.

Leo nitasema yote. Hata yale yatakayonifanya nisitake kuufungua tena ukurasa huu. Wanaonisoma hapa ni binamu zangu wawili wa Unguja, wanafunzi wachache wa darasani wanaojua Kiswahili, na watu nisiowajua wanaoacha maoni kisha wakapotea. Leo msipotee, mwisho nina jambo la kuwauliza.

Nina hasira. Si ile ya kulia. Ni ile inayokaa kimya na kupanga.

Shule yetu inafuata mtaala wa Kimarekani. Sir anayetufundisha somo la serikali ametoka Ohio, na muhula huu tunasoma uwajibikaji: nani ana haki ya kumuuliza nani, na anayeulizwa akikataa kujibu inakuwaje. Jumapili, ambayo hapa ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya shule, saa nne asubuhi, ukumbini, mbele ya wazazi, darasa letu litaigiza kikao cha kamati ya Seneti. Kesi ni ya kubuni. Waziri ametumia ndege ya serikali kwenda harusini, na mambo yalipofichuka akamtupia lawama karani wake.

Waziri ni Brooke. Mwenyekiti wa kamati ni mimi.

Brooke ni rais wa baraza la wanafunzi. Baba yake ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Yeye pia ndiye kiongozi wa basi letu, yaani mwanafunzi mkubwa anayetia alama kwenye orodha kila mtoto anaposhuka. Nina maswali kumi na moja kwa ajili yake, na sita ya mwanzo tu ndiyo yanayohusu ndege.

Nizieleze kwanza fikra zangu kuhusu Marekani, maana bila hizo hamtaielewa hasira yangu.

Mwaka huu nimetazama rekodi nyingi za vikao vyao. Wenzangu wanatazama mambo mengine, mimi natazama kamati. Napenda ile meza ndogo. Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango wa gari anawekwa kwenye kiti cha kawaida, mbele yake glasi ya maji na kipaza sauti, anainua mkono na kuapa, na waliokaa juu yake wanamuuliza maswali ambayo nyumbani kwake hakuna anayethubutu kumuuliza. Sisi hapa Uarabuni ni wageni, hata babu yangu aliyefika kabla ya barabara hizi kuwekwa lami ni mgeni, na wageni hujifunza mapema kuuliza kwa sauti ndogo. Kwa hiyo ile meza niliipenda kama mtu anavyopenda nchi.

Lakini ukitazama vikao vingi, unaanza kuona mengine. Mkubwa hujibu "sikumbuki" kwa utulivu kabisa, wala hatoki jasho. Seneta aliyepewa dakika tano huzitumia nne na nusu kujisifu. Polisi aliyempiga mtu risasi hupewa likizo yenye mshahara huku uchunguzi ukiendelea, na aliyepigwa huchunguzwa maisha yake yote, hadi alichokuwa amevaa. Kiongozi wa kampuni iliyodhulumu watu huomba radhi kwa sura nzuri, akajiuzulu, na mwaka mmoja baadaye yumo kwenye bodi ya kampuni nyingine. Anayefukuzwa kweli ni karani aliyepiga chapa barua ya mkubwa wake.

Nilimuuliza Sir kuhusu hilo. Akafikiri, kisha akasema kuwa nchi yake si nchi ambayo wakubwa hawakosei, ni nchi ambayo kuna mahali pa kuwauliza. Jibu lile lilinipendeza. Bado linanipendeza. Ila sasa najua mahali pa kuuliza panaweza kuwepo, na watu wakapita mbele yake wakitazama pembeni.

Jumatatu tulikuwa tunarudi nyumbani. Mhudumu wa basi letu ni Anti Grace, Mganda wa Masaka, mwanamke anayejua mtoto gani hutapika kwenye kona na mtoto gani hatoi mkono mpaka uimbe. Kanuni ya basi ni kwamba mhudumu haondoki bila kutembea hadi kiti cha mwisho kuangalia kama kuna mtoto aliyelala. Hakuna anayecheza na kanuni hiyo hapa, kwa sababu ya jua: mtoto akisahauliwa ndani ya basi lililofungwa, joto humuua.

Brooke ana tabia yake. Anatia alama zote mapema, tukiwa bado getini shuleni, ili njia nzima awe huru na simu yake. Sote tunajua.

Kwenye kituo cha mwisho kabla ya changu, kulikuwa na kitoto cha chekechea ambacho dada wa kazi hakuja kukipokea. Anti Grace akakibeba kukipeleka mlangoni. Kabla ya kushuka akamwambia Brooke, "Niangalizie nyuma, tafadhali." Brooke akasema, "Nimeshaangalia." Hakuinua hata macho. Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma yake. Anti Grace akaliamini jibu lile.

Nyuma kabisa alikuwa amelala Omari, miaka minne, chini ya koti lake la michezo. Alitakiwa kushuka vituo viwili nyuma. Dereva alimkuta kwenye maegesho, analia, mlango wa basi bado haujafungwa. Hakuumia. Alipewa juisi na kurudishwa kwao. Lakini mama yake alipiga simu shuleni, kwa haki kabisa, na shule ikahitaji mtu wa kubeba lawama kabla ya saa za kazi kwisha.

Orodha ilikuwa na alama zote, kwa hiyo orodha haikuwa na kosa. Brooke aliandika kwamba hakuna aliyemwomba kuangalia nyuma. Anti Grace akasimamishwa kazi jioni ile ile. Jumapili saa saba mchana atasikilizwa na watu watatu. Wakimfukuza, viza inakatwa, anarudi Masaka, ambako watoto wake wawili wanasoma kwa mshahara wa basi hili.

Sasa mnaelewa maswali yangu matano ya mwisho.

La saba: Mheshimiwa Waziri, orodha ya abiria uliitia saini kabla ya safari au baada yake? La nane: Karani wako alikuomba uhakiki viti vya nyuma, ulimjibu nini? Nimeyapanga ili aingie taratibu, akidhani bado tunaigiza. Nataka nione dakika ile atakapotambua. Nataka mama yake awe safu ya kwanza na baba yake kando, na simu zao zinarekodi. Nataka ainywe ile glasi yote ya maji kabla ya kujibu. Nimesali Alasiri leo, na katikati ya sala nilikuwa nalirekebisha swali la tisa. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini lilitoka zuri.

Leo mchana nilimwona Anti Grace getini. Alikuja kurudisha sare na kitambulisho. Hakuwa na ule mkanda wa njano wa wahudumu wa basi, akaonekana mdogo.

"Nyabo Rukia," aliniita, yaani bibie kwa lugha ya kwao, kama anavyoniita siku zote. "Usinitazame hivyo, mimi sijakufa."

Nikamuuliza Jumapili itakuwaje.

"Wataniuliza, nitasema. Na nimewapa jina lako. Nimesema, yule msichana wa Zanzibar alikaa pale pale, muulizeni, yule hasemi uongo." Akanirekebishia mkanda wa begi begani. "Yalla, nenda, utaachwa na basi."

Nikaenda.

Haya ndiyo niliyoahidi kusema. Walikwisha kuniuliza. Jumanne makamu mkuu wa shule aliniita ofisini, baba yake Brooke ameketi kando anakunywa kahawa, na akaniuliza kwa upole kama nilisikia chochote. Nikasema, "Sikusikia vizuri."

Sikutishwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilisema hivyo kwa sababu mwezi wa tatu shule inampeleka mwanafunzi mmoja Washington, kukaa wiki nzima na kuingia ndani ya lile jengo la Seneti na kutazama kamati kwa macho yake. Tumebaki wawili, Brooke na mimi. Baba yake amejitoa kwenye uteuzi ili pasiwe na upendeleo, wametangaza hivyo. Ila barua ya mwisho anaitia saini yeye.

Niliuza neno moja ili nikaione ile meza.

Nilipomaliza kusali nilimwomba kaka yangu Nassor awe Brooke, nifanye mazoezi. Nassor ana miaka ishirini na mbili, na mzaha wake hauna likizo. Alijifunga taulo mabegani, akakaa kwenye kiti cha Mama, akaweka glasi ya maji mbele yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "sikumbuki."

"Sijakuuliza bado."

"Najua. Natanguliza tu, nisije nikakumbuka kwa bahati mbaya."

Tulicheka. Tukapita maswali ya ndege. La saba akalijibu vizuri kuliko Brooke atakavyolijibu: alitia saini mapema kwa sababu anawaamini wafanyakazi wake. Nikaja la nane. Karani wako alikuomba uhakiki viti vya nyuma, ulimjibu nini?

"Hakuniomba," akasema Nassor. "Yupo aliyesikia?"

Nikafunua karatasi kutafuta swali la tisa.

"Mheshimiwa, mimi nauliza tu. Si kamati hii? Mnaniletea neno la karani peke yake. Nani alikaa karibu?"

Nassor alijua habari ya Omari, nyumba nzima inajua. Hakujua habari ya ofisini. Alikuwa bado anatabasamu aliponitazama, halafu tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Rukia. Si basi lako hilo?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alivua taulo, akalikunja.

"Kumbe," akasema. "Basi wewe mama hutaki kikao. Unataka umchome mwenzio na moshi usikufikie."

Nikamwambia hana adabu. Akasema huenda, lakini swali lake halijajibiwa.

Nimekaa chumbani na kufungua tena moja ya zile rekodi. Safari hii sikumtazama mkubwa. Nilitazama safu iliyokaa nyuma yake. Kila kikao kina safu hiyo: vijana waliovaa vizuri, mafaili mapajani, nyuso hazisemi kitu. Mkubwa anasema "sikumbuki", na wao nyuma yake wanakumbuka vizuri sana. Waliandika wenyewe tarehe na saa. Hakuna anayewageuzia kipaza sauti. Miezi yote hii nimewakasirikia walioketi mezani, na hawa sijawaona, ingawa wako katikati ya picha.

Pengine wengi wao nao wanasubiri safari fulani.

Nimemwandikia makamu mkuu barua. Ni sentensi tatu. Nilisikia Anti Grace akimwomba Brooke aangalie nyuma. Nilisikia Brooke akijibu ameshaangalia. Jumanne nilisema sikusikia vizuri, na hiyo haikuwa kweli. Sijaituma. Ofisi imefungwa mpaka Jumapili, lakini huo si mwisho wa sababu zangu.

Nikisema sasa, Brooke atajibu kwa neno moja tu: "Rukia anataka nafasi yangu ya Washington." Na watamwamini, kwa sababu kila mtu anajua tumebaki wawili. Watasema msichana huyu Jumanne alisema hivi, Jumapili anasema vile, na katikati alikuwa anaandika maswali ya kumwaibisha mwenzake. Yote hayo ni kweli. Kwenye safari nimeshaamua kujitoa, nimeandika hivyo chini ya zile sentensi tatu, na mkono uliniuma kuandika. Lakini kwenye kisasi sikuweza kujitoa. Bado nakitaka. Hata nikikaa mbele ya wale watatu na kusema ukweli mtupu, nitakuwa natazama uso wa Brooke kuona kama umebadilika. Sioni njia ya kuwa shahidi msafi kufikia Jumapili. Siku ni mbili tu.

Sir anatuambia ushahidi hupimwa kwa anayeutoa pia. Naogopa nitaingia kumsaidia Anti Grace, na nitoke nimemharibia, kwa kuwa shahidi wake pekee alikwisha kumkana mara moja na sasa amekuja na hasira.

Kwa hiyo nawauliza ninyi, binamu, wanafunzi wenzangu, na nyie nisiowajua. Msinitumie mioyo na pole. Jifanyeni mmekaa kwenye meza ile Jumapili saa saba, ninyi ndio wale watatu, mbele yenu mama wa Masaka na hatima ya kazi yake, kisha naingia mimi na kusema haya yote jinsi nilivyoyasema hapa, pamoja na kisasi changu.

Mtanisadiki? Nijibuni leo hii.