Noela Akiamka na Adabu

Mwanangu Lidwina,

Huku Mfaranyaki tu wazima, ila nguruwe wa jirani wamekula mahindi yangu bila kunibakizia hata la kuchoma.

Barua hii anakuletea mjukuu wangu Leo, anayekuja huko India kumkatia dada yake Noela kipande cha ini lake. Ulinieleza kwenye simu maneno ya daktari: ini la Noela limechoka mpaka ubongo nao unashindwa kujigawia damu, kwa hiyo siku ya upasuaji wataichunga isizidi wala isipungue. Niliishia darasa la nne, lakini namwagilia mchicha kila siku. Nimeelewa.

Ukauliza tutajuaje akili yake imerudi. Wao wana mashine, sisi tuna utani. Akifumbua macho mwambie, "Babu, mumeo, ameoa mwingine mwenye adabu." Akijibu, "Nani kamtaka kikongwe asiye na meno?" kaa chini ulie kwa raha. Lakini akisema kwa upole, "Msalimie babu, mwambie shikamoo," usifurahi, mwanangu. Mwite daktari mbio.

Tangu ajue kusema, mtoto huyo hajawahi kuniheshimu, na sitaki aanze sasa. Jumapili kanisani wenzangu waliomba amani. Mimi nilipiga magoti nikaomba nitukanwe.

Ni mimi baba yako,
Mzee Saimon