Siku Tatu Mtoni Ruvu

Mjukuu wangu Zaituni,

Shikamoo yako nimeipokea kwa furaha, marahaba. Huku Kibaha tu wazima, na shangazi yako amehamia Tumbi.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza uliponiambia kwamba utashuka mto wa jangwani peke yako kwa mtumbwi. Nilipohitimu chuo, nami nilishuka Ruvu peke yangu kwa siku tatu, nikilala kwenye mafungu ya mchanga. Nilitaka kurudi na jambo la kujivunia. Mama aliponiuliza ninakokwenda, nilijibu, "Natoka kidogo tu."

Niliporudi nyumbani Msimbu, nilikuta viatu vya wageni vimejaa mlangoni. Dada yangu Mwanaidi aliyatazama matope miguuni pangu.

"Kidogo gani hiyo, kaka? Baba alianguka juzi. Tumekutafuta mpaka Kisarawe mjini. Jana tulikungoja hadi alasiri, ndipo tukamzika."

Mto ule ulikuwa mzuri mno, Zaituni, na sijawahi kumsimulia mtu uzuri wake.

Sikukatazi. Nenda, lakini niandikie jina la mto na siku utakayotoka majini, ili tujue mahali pa kukuita.

Babu yako