Mifupa ya Mama Mbele ya Reath

Majur, nimejimaliza. Ndoa ya Nyabol nimeiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Leo asubuhi niliteleza nikibeba mizigo pale airport. Kuteleza tu, na mkono ukavunjika! Aliyenipeleka hospitali ni Reath, baba wa kijana anayetaka kumuoa binti yangu.

Daktari akaniuliza, "Mama yako aliwahi kuvunjika?" Mimi mjinga nikajibu, ndiyo, nyonga, akiinuka tu kitini. "Na ndugu zake?" Dada yake naye pia. Nilijibu kama mtu anayesifiwa!

Akasema, "Mzee, huenda mifupa dhaifu iko katika ukoo wenu. Hata binti yako aangaliwe mapema." Binti yako! Reath amekaa hapo hapo!

Si unajua watu wetu wanavyochunguza damu ya mke kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka. Reath akasimama. "Malesh, samahani, baba Nyabol. Wacha niongee na wazee." Akaniacha na plasta haijakauka.

Wa kulaumiwa ni hawa wakubwa wa serikali. Wanapita mbio na magari ya vioo vyeusi, na chumba cha daktari hakina hata pazia. Siri ya mtu inasikika benchi nzima.

Marehemu mke wangu angekuwepo, angenifinya ninyamaze.

Ndugu yangu, wewe ulimjua mama. Mkimbilie Reath sasa hivi. Mwambie maumivu yalinichanganya, mama aligongwa na gari la mkubwa. Hilo hakuna mtu Juba atakayelibishia.