Kikohozi Kilichomo Kwenye Singo

Nduruma, Arusha
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na mvua imefika huko Iramba. Mimi nipo, ila nimechoka. Maua hayana Jumapili. Leo tumetoka kazini saa nane mchana.

Uliniambia kwenye simu kwamba Nathanael amekuezekea jiko, akasema anafanya hivyo kwa sababu yangu. Ningekupigia, lakini kwenye simu ningekudanganya tena. Ndiyo maana naandika, ingawa mwandiko wangu uliishia darasa la tano.

Kisa cha Nathanael kufukuzwa kazi huku hukukijua chote. Hapa shambani walikuwa wakipulizia dawa mabanda ya waridi sisi tukiwa bado ndani tunakata. Tulipolalamika tuliambiwa anayeumwa na harufu arudi kwao. Sasa, mtaa wa Kwa Mrombo yupo fundi wa kuchomelea vyuma, Lerionka, mwenye gitaa. Muziki wake ni wa kelele na hasira, anauita panki. Nilimwambia unalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, akafurahi, akasema ndivyo anavyotaka. Akatutungia singo, yaani wimbo mmoja peke yake, wa dakika mbili: "Mnatupulizia tumo ndani!" Nathanael alipiga ndoo. Kazi yangu ilikuwa kukohoa katikati, na nilikohoa kwelikweli.

Hakuna redio iliyoupiga. Waliupata watu wachache kwenye simu zao, na mmojawapo alikuwa meneja. Alitupanga mstari mbele ya stoo, simu sikioni, akaamuru kila mmoja akohoe ili alinganishe. Watu walicheka hadi machozi. Aikande wa upakiaji alimwambia bosi alete na maikrofoni basi. Mimi nilikohoa kisauti chembamba kama cha mtoto. Hakumpata mtu.

Kesho yake aliniita ofisini, akasema asipompata aliyekohoa atatufukuza banda zima.

Mama, nilimtaja Nathanael. Sikupigwa, wala sikuulizwa mara mbili.

Aliitwa, akaulizwa mbele yetu kama kikohozi kile ni chake. Alijua ni changu, maana siku ya kurekodi tulikaa bega kwa bega. Alinitazama kidogo, akasema ni chake. Alidhani ananificha. Siku ya kuondoka aliniachia buti zake za mpira, akanionya nijihadhari, kuna mtu anatuuza, na anamshuku Lerionka. Nami nikaitikia kwamba hata mimi namshuku.

Sasa mimi ni msimamizi wa banda. Dawa bado wanapulizia watu wakiwa ndani, na mimi ndiye ninayewaambia wavumilie.

Nakuomba usimweleze kwa maneno yako, kwa sababu utanipunguzia kosa. Mpe karatasi hii aisome mwenyewe. Kama hataki tena kukanyaga kwako, usimtume mtu kumbembeleza. Ila Lerionka hana kosa lolote, hilo alijue hata asiponisamehe.

Wasalimie wadogo zangu wote, na jirani yetu mama Fransiska. Jitunze magoti, usibebe maji mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ambaye ulikuwa ukimsifia kwa watu,

Philemoni