Mama Hajajibu Salamu

Soko la Shianda,
S.L.P. 63,
Mumias.

21 Novemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Andati,

U hali gani huko Leeds, na hiyo baridi unayoilalamikia katika kila barua? Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na kwamba unakula chakula cha kueleweka. Sisi huku hatujambo. Mama goti humuuma mvua ikikaribia, lakini bado hunitangulia shambani na kunicheka nikifika. Binti yangu Maurine yuko darasa la sita na karibu anipite kimo, jambo ambalo hasahau kunikumbusha.

Miwa ya Baba Mdogo Mukhwana bado inangoja wakataji. Kila asubuhi anasimama barabarani kuwasema, ingawa hawapo.

Kazi yangu ya kutengeneza redio inaendelea vyema. Wiki hii nimefufua tatu ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa. Sijisifu, lakini sikukaa chuo cha ufundi cha Sigalagala miaka miwili kujifunza kuchemsha chai.

Sasa nije kwa ile sidii uliyotuma. Ilifika salama Jumatatu. Mama aliifungua mwenyewe, akajitazama ndani yake, kisha akaniuliza sauti yako iko upande gani. Uliandika kwamba ni ya kuchezwa kwenye kompyuta, na kompyuta hapa Shianda hakuna. Basi Alhamisi tulikwenda Kakamega mjini, kwenye duka la kijana mmoja aitwaye Kimutai anayechapa kadi za harusi na programu za mazishi.

Mama alivaa gauni lake la kanisani. Andati, ni miaka saba hajasikia sauti yako. Na tangu tumzike Baba mwaka jana bila wewe, hakuna aliyejua moyo wake uko wapi juu yako, hata mimi. Siku ya kunyoa nywele za matanga, watoto wote tuliponyolewa, alitenga wembe mmoja mpya katika karatasi yake, akaufungia kitambaani. Sikuthubutu kuuliza.

Kimutai aliitia sidii, kompyuta ikaimeza. Kimya. Nikazungusha kidude cha sauti kwenye spika mpaka mwisho. Kimya. Kompyuta yenyewe ina kigurudumu kingine cha sauti pale mbele, nacho nikakizungusha mpaka kikagoma. Hapo nikatangaza, kwa sauti ya fundi, kwamba waya umekatika ndani ya spika. Nikatoa bisibisi mkobani na kuifungua mbele ya wateja wake wote. Waya ulikuwa mzima kabisa. Cheka tu, najua unacheka.

Nikaifunga. Ndipo Kimutai alipogundua kwamba kuna kijipicha cha spika pembeni mwa kioo, na mtu alikuwa amekinyamazisha. Ndugu yangu, niliudhika. Spika ina kidude chake, kidole changu kiko juu yake, umeme upo, halafu kijipicha kisicho na waya wala uzito ndicho chenye amri. Redio ya Baba ukizungusha sauti, sauti inakuja, maana hakuna mwingine wa kuombwa ruhusa.

Akakibonyeza, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha kila kitu kikiwa juu kabisa, ulitoka kama umesimama na kipaza sauti. “Mulembe Mama!” Wote waliongojea programu zao wakageuka. Mama akashika kifua, akajibu, “Mulembe, mwana wanje.” Lakini wewe ulikuwa umeshapita. Umeuliza afya yake, umeuliza goti, umeuliza ng’ombe, na yeye bado yuko kwenye salamu ya kwanza.

“Rachael, mwambie angoje,” akaniambia. “Sijamjibu.”

Unamjua Mama. Salamu isiyojibiwa kwake ni kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Akakibonyeza mwenyewe kile kitufe chini ya mlango wa sidii, kama anavyosimamisha kaseti nyumbani. Hakikusikia. Nikabonyeza mimi, mara nne, na mara ya tano kwa hasira. Kimutai akaeleza kwamba kitufe ni kizima, ila kompyuta imeufunga mlango kwa sababu inaitumia sidii, na ni lazima aisimamishe kwa kile kipanya chao. Wakati huo mshale ulikuwa umeganda na kipanya hakiendi popote.

Nawe ukaendelea. Ukafika pale unapoanza kusema juu ya kumzika Baba. Mama alikuwa anajibu habari za ng’ombe. Nikaona neno lililokuchukua mwaka mzima kulitamka linataka kumpita bila yeye kulisikia, mbele ya watu. Nikainama chini ya meza nikachomoa plagi.

Kimutai alishika kichwa. Mimi sikujuta na sijuti sasa. Katika kimya kile Mama alisogeza kiti, akakielekea kile kioo cheusi, akakujibu salamu zako zote kwa utaratibu. Goti lina nafuu. Ng’ombe amezaa. Hakuna aliyecheka, na mzee mmoja alivua kofia.

Kompyuta ilipowashwa tena ilikaa muda mrefu ikijikagua na kutulaumu kwa kuizima vibaya. Safari hii Kimutai aliketi na kipanya chake, na kila Mama alipoinua mkono, alikusimamisha. Hivyo ndivyo alivyokusikia mpaka mwisho. Ulipoomba msamaha hakuinua mkono. Aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hilo halijibiwi dukani.

Tulipofika nyumbani aliomba redio ya Baba na kaseti tupu. Nikamwonyesha tena vile vitufe viwili vya kubonyeza pamoja ili inase sauti, akanifungia mlango. Sijui alisema nini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso umetulia. Akauchukua wembe wako kitambaani, akaupaka mafuta kidogo, akaurudisha. “Usishike kutu,” akasema, “mwenyewe atakuja.” Mimi hapo nililia, Andati, na sioni haya kukuambia.

Kaseti hiyo nimeifunga pamoja na barua hii. Usiihamishie kwenye kompyuta. Tafuta redio yenye vitufe, ukibonyeza inaimba, ukibonyeza inasimama.

Baba Mdogo Mukhwana anakusalimu, na Maurine anataka picha ya theluji. Mungu wa baba yetu akulinde uingiapo na utokapo, na akufungulie njia ya nyumbani.

Jambo la mwisho. Nimeijaribu ile kaseti mwanzo wake tu, kuona kama imeshika, nikaizima. Baada ya kila salamu kuna kimya kirefu. Usidhani imeharibika. Mama anangoja umjibu.

Dada yako akupendaye daima,
Rachael