Nafasi ya Kunenepa

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiwanda kizima kimesimama kuniangalia! Huku ugenini sikuletwa na mtu — nilijileta mwenyewe na mkasi wangu. Suruali nilizokata wiki iliyopita, Msimamizi kazirudisha zote. Eti nimeacha kitambaa kingi ndani ya mshono wa nyuma. Mama yule ana macho ya rula. Nikamweleza: kwetu fundi anamwachia mteja nafasi ya kunenepa. Mtu akioa, akapikiwa vizuri, unamfungulia mshono, maisha yanaendelea. Mimi nimewahi kufungua suruali moja mpaka wakaenea wawili! Mpiga pasi, mtu wa kwetu, akatafsiri huku akicheka. Msimamizi hakucheka. Huku mtu akinenepa ananunua nyingine. Jumamosi nitakata mbele yake. Nikikosea, kazi basi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi siku nzima. Kichwa kimeelewa, mkono mbishi — chaki inatoka nje vidole viwili, kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Msimamizi alipita, akaisogeza ndani. Akaniachia nusu ya chungwa lake. Simwelewi mama huyu.

Jioni mpwa wangu kapiga simu. Kapata kazi mji wa jirani, kwa kujitafutia mwenyewe — damu yangu hiyo! Jumamosi atapita kazini amwone mjomba, mkuu wa wakataji. Hiyo ya ukuu nilimwambia dada, mama yake. Si uongo. Nimetanguliza habari, cheo kiko njiani.

Mpiga pasi kasikia yote. Nimemwambia afunge mdomo. Kaitikia haraka mno.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika chooni. Nimeaga naenda kunawa mikono.

Mpwa kafika. Sijafungua mdomo, Msimamizi kavua futi yake ya kupimia shingoni, kanivisha mimi. Kasimama kando ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Kasema kitu. Mpiga pasi katafsiri, uso mkavu:

"Mkuu, tunakungoja wewe."

Mpwa kapiga picha, kamtumia mama yake.

Ila kitambaa kiko palepale mezani, na macho ya rula ni yaleyale. Mbele ya mtoto kanibeba. Suruali hatanibebea.

Mlango unagongwa. "Mjomba, unaumwa?"

Natoka. We mkono, leo tu nisikilize — nafasi ya kunenepa tutamwachia mpwa, kakonda sana huyu mtoto. Anagonga tena